Msimu wa baridi: Jiko litoke kabla mlango haujafungwa

Kuanzia Juni hadi Agosti sehemu nyingi za nyanda za juu za Kenya huwa na baridi kali. Jua hujificha nyuma ya mawingu mchana kutwa, manyunyu huanguka asubuhi, na nguo zilizofuliwa hukaa kambani siku mbili bila kukauka. Wakazi wa Limuru, Kinangop, Nyahururu na Molo, ambao wanaishi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wanaijua baridi hii vyema. Hata jijini Nairobi usiku wa Julai humfanya mtu atafute blanketi la pili.

Katika msimu huu sisi madaktari hutarajia wagonjwa wa mafua, kikohozi, pumu na nimonia. Lakini kuna dhara lingine ambalo haliletwi na baridi yenyewe, bali na njia tunayoitumia kuifukuza. Nalo ni sumu inayotoka katika jiko la makaa lililowekwa ndani ya nyumba iliyofungwa. Mara nyingi tumesoma magazetini habari za mume na mke, au familia nzima, waliolala wakiwa wazima na kupatikana asubuhi wakiwa wamefariki. Majirani husema walirogwa au walikula chakula kibovu, kumbe jiko lilikuwa hapo hapo kando ya kitanda.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Ajali hii inayo kinga, tena isiyogharimu hata senti moja. Leo tutaangalia jinsi sumu hii inavyofanya kazi, dalili zake, na jinsi mume na mke wanavyoweza kupika na kupata joto bila kuhatarisha maisha yao.

JIONI YA KAWAIDA

Hebu tuchukue mfano wa mume na mke wanaoishi katika chumba kimoja cha kukodi. Mume amefika kutoka kazini saa moja jioni akiwa amelowa miguu. Mke amewasha jiko nje, akalipepea hadi makaa yakashika, kisha akaliingiza ndani kwa sababu manyunyu yameanza. Ameinjika sufuria ya githeri, na githeri haina haraka. Mlango umerudishwa ili baridi isiingie. Dirisha limefungwa, na pale kioo kilipovunjika pamesokomezwa kitambaa. Nafasi iliyo chini ya mlango imezibwa kwa gunia.

Saa tatu usiku wamekula, wamekunywa chai, na jiko lingali jekundu. Mke auliza, "Baba watoto, nitoe jiko?" Mume ajibu, "Liache kidogo, mama, chumba kipate joto." Si jibu la mtu mjinga wala asiyejali. Makaa yamenunuliwa kwa pesa nyingi, na kuyatoa nje yakiwa bado yana moto ni kama kutupa pesa. Isitoshe, jiko likiachwa nje usiku katika ploti, huenda asubuhi lisionekane. Basi jiko linabaki, komeo linafungwa, na wawili hao wanajifunika.

Nina hakika, msomaji, kwamba jioni kama hii unaijua. Pengine ndiyo jioni yako ya jana.

JIKO HUTOA NINI?

Makaa kwa sehemu kubwa ni kaboni. Yanapowaka mahali penye hewa ya kutosha, kaboni huungana na oksijeni na kuwa kaboni dayoksaidi, hewa ile ile tunayoitoa tunapopumua. Oksijeni isipotosha, kuungana huko hakukamiliki, na hapo hutokea hewa nyingine iitwayo kaboni monoksaidi. Hii ya pili ndiyo sumu tunayoizungumzia.

Hatari yake kubwa ni kwamba haionekani, hainuki, na haiwashi macho wala koo. Moshi wa kuni humfanya mtu akohoe na kukimbilia nje. Kaboni monoksaidi haimpi mtu onyo lolote.

Watu wengi huamini kwamba makaa yakishakuwa mekundu na moshi ukiisha, jiko ni salama kuingizwa ndani. Huo si ukweli. Ndani ya makaa mekundu, kaboni dayoksaidi inayotokea sehemu ya chini hupanda na kupita katikati ya makaa yenye moto mkali, nayo hugeuka kuwa kaboni monoksaidi. Ule mwali mdogo wa buluu unaouona ukicheza juu ya makaa ni hewa hiyo yenyewe ikiungua. Mwali huo ukizimika, hewa haiungui tena, bali inasambaa chumbani. Hata makaa yaliyofunikwa na jivu, yanayoonekana kama yamekwisha, yangali yakiitoa.

Jiko lenye udongo ndani, ambalo lilianza kuenea nchini Kenya katika miaka ya 1980, limetusaidia sana kwa kuwa linatumia makaa machache kuliko lile la zamani la bati tupu. Lakini kupunguza makaa si kuondoa sumu. Jiko hilo nalo ni lazima litoke nje.

INAVYODHURU MWILI

Ili uelewe inavyodhuru, fikiria matatu inayobeba abiria kutoka kituo kimoja hadi kingine. Ndani ya damu kuna kitu kiitwacho hemoglobini, ambacho ndicho kinachoipa damu wekundu wake. Hemoglobini ni hiyo matatu, na abiria wake ni oksijeni. Huipakia kwenye mapafu na kuishusha kwenye ubongo, moyo, misuli na viungo vingine.

Kaboni monoksaidi ni abiria mkaidi. Hushikilia kiti kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na haitaki kushuka. Kwa hiyo kiasi kidogo tu chumbani kinatosha kujaza matatu nyingi. Mtu anaendelea kupumua, kifua kinapanda na kushuka kama kawaida, lakini ubongo na moyo vinakosa oksijeni.

Jambo hili limejulikana kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1850 mtaalamu Mfaransa Claude Bernard alionyesha kwamba hewa hii huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Katika miaka ya 1890 Mwingereza John Scott Haldane aliivuta yeye mwenyewe kwa makusudi ili apime athari zake, kisha akashauri wachimba makaa ya mawe washuke migodini na viumbe wadogo, ambao hulemewa haraka kuliko binadamu. Wachimba migodi wa Uingereza waliendelea kubeba ndege wadogo kwenye vizimba hadi mwaka wa 1986. Ndege akianguka, watu walijua wakati wa kutoka umefika. Wewe chumbani kwako huna ndege wa kukuonya, na ukiwa usingizini hata maumivu ya kichwa hayakuamshi.

Hiyo ndiyo sababu usiku ni hatari zaidi. Mtu aliye macho huenda akahisi kichwa kizito akatoka nje kupunga upepo. Aliyelala hupita kutoka usingizi wa kawaida hadi kupoteza fahamu bila kujua. Na hata akishtuka, miguu hukosa nguvu na akili huchanganyikiwa, hivyo huenda akaanguka kabla ya kufika mlangoni.

DALILI ZINAZOFANANA NA MALARIA

Dalili za mwanzo ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, uchovu na moyo kwenda mbio. Sumu ikizidi, mtu huchanganyikiwa, huona kiwi, hushindwa kusimama, hupata maumivu ya kifua hasa akiwa na ugonjwa wa moyo, na mwishowe huzimia.

Ukizitazama dalili za mwanzo utaona zinafanana na za malaria, mafua au chakula kibovu. Wengi hununua dawa za kupunguza maumivu dukani, wakalala mchana, wakapata nafuu, na jioni wakaliingiza jiko tena. Basi jiulize maswali haya:

Je, mume na mke, au watu wote nyumbani, mnaumwa na kichwa kwa pamoja? Malaria kwa kawaida haiwashiki watu wote asubuhi moja.

Je, maumivu hupungua ukitoka kwenda shambani au kazini, na kurudi ukishakaa ndani jioni?

Je, mnaumwa bila joto la mwili kupanda?

Je, mke anayeshinda jikoni huumwa zaidi ya mume anayeshinda nje?

Ukijibu ndiyo kwa mojawapo ya maswali haya, na nyumbani mnatumia jiko la makaa au stovu ya mafuta taa, mwambie daktari wazi: "Tulilala na jiko ndani." Maneno hayo manne yanaweza kuokoa maisha. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakiwezi kutofautisha vizuri damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi. Kinaweza kuonyesha kwamba uko sawa hali una sumu mwilini. Kuna kipimo maalumu cha damu, lakini daktari hatakiagiza asipojua habari za jiko.

WALIO HATARINI ZAIDI

Sumu hii haimchagui mtu, lakini wapo inaowadhuru haraka zaidi. Wa kwanza ni mama mjamzito na mtoto aliye tumboni. Kaboni monoksaidi hupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto, hujikusanya zaidi katika damu ya mtoto, na huchelewa kutoka. Mama anaweza kuamka na kichwa kinachouma tu, huku mtoto akiwa ameathirika vibaya. Kwa hiyo mama mjamzito aliyelala na jiko ndani aende hospitali hata kama anajihisi mzima.

Wengine ni watoto wachanga, wazee, wagonjwa wa moyo na wa mapafu, na wenye upungufu wa damu. Vilevile aliyelewa yumo hatarini, kwa kuwa usingizi wake ni mzito na akili yake haimwamshi.

Hapo tumetaja sumu ya usiku mmoja. Moshi wa kila siku nao una madhara yake ya polepole: huleta nimonia kwa watoto, na kwa akina mama waliopika kwa kuni miaka mingi huleta kikohozi kisichoisha na mapafu yaliyochoka kama ya mvutaji wa sigara. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi na hewa chafu za majumbani zilisababisha vifo milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka wa 2020.

IMANI ZISIZO ZA KWELI

"Tukiweka sufuria ya maji kando ya jiko, maji yatavuta sumu." La. Kaboni monoksaidi haiyeyuki kwa urahisi ndani ya maji. Maji hayo yatapata joto tu.

"Kitunguu kilichokatwa huvuta sumu." La. Kitunguu kitie kwenye mchuzi.

"Tumeacha dirisha wazi kidogo." Upenyo mdogo hupunguza sumu, lakini hakuna ajuaye kama umetosha. Upepo ukitulia, au pazia likiuziba, hakuna hewa inayoingia. Dirisha husaidia mnapopika mkiwa macho, lakini si ruhusa ya kulala na jiko.

"Aliyezidiwa anyweshwe maziwa." La. Sumu iko katika damu, si tumboni. Aliyepoteza fahamu akinyweshwa maziwa yataingia kwenye mapafu na kumkaba.

"Sisi tumelala na jiko miaka mingi na hatujafa." Kiasi cha sumu hutegemea wingi wa makaa, ukubwa wa chumba, nyufa na upepo wa usiku huo. Labda chumba cha zamani kilikuwa na nafasi kati ya ukuta na mabati, na hiki kipya kina dari na madirisha yanayofunga vizuri. Tuna methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba yenye jiko linalowaka, anayeziba kila ufa huenda anajichimbia kaburi.

Kwa wanaotumia mtungi wa gesi, neno moja. Gesi ikiungua vizuri mwali wake huwa wa buluu na haitoi sumu nyingi. Mwali ukiwa wa manjano na sufuria ikitoka na masizi, kifaa hakiungui sawasawa na kinahitaji kutengenezwa. Hata kikiwa kizima, hakikuundwa kupasha chumba joto, hivyo kisiachwe kikiwaka usiku.

UKIMKUTA MTU AMEZIDIWA

Ukibisha mlango wa jirani asubuhi usiitikiwe, na unajua walikuwa na jiko ndani, fanya yafuatayo:

Kwanza, ita watu. Usiingie peke yako, kwani mwokoaji naye anaweza kuanguka.

Pili, fungua au vunja mlango na madirisha. Vuta pumzi ukiwa nje, ingia, mtoe mgonjwa hadi kwenye hewa safi, kisha toka upumue. Usikawie ndani ukitafuta viatu au simu.

Tatu, kama anapumua lakini hana fahamu, mlaze kwa ubavu ili akitapika asikabwe. Kama hapumui, aliyefunzwa huduma ya kwanza aanze kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi.

Nne, mfunike asipigwe na baridi na mpelekeni hospitalini mara moja. Matibabu makuu ni oksijeni safi kwa kinyago. Mtu akipumua hewa ya kawaida, huchukua kama saa 4 hadi 6 kwa sumu iliyomo kwenye damu kupungua kwa nusu. Akipewa oksijeni safi, muda huo hupungua hadi kati ya saa moja na saa moja na nusu hivi.

Tano, watu wote waliolala katika nyumba hiyo wapimwe, hata anayetembea na kuzungumza. Baada ya kurudi nyumbani, mchunguzeni mgonjwa kwa wiki kadhaa. Kuna wanaopona, kisha baada ya siku au wiki chache wakaanza kusahau, kubadilika tabia au kutembea vibaya. Mke au mume ndiye huwa wa kwanza kuona badiliko hilo. Msilipuuze, rudini hospitalini.

KUPIKA BILA KULALA NA MOTO

Najua utauliza: daktari, basi tupike wapi na mvua inanyesha? Swali hilo ni la haki. Ushauri unaoanza na "nunua" haumfai kila mtu, kwa hiyo nitaanza na vitu vilivyomo nyumbani.

Washa jiko nje, na ikiwezekana pika nje pia, chini ya upenu au kwenye kibaraza. Ikiwa ni lazima upike ndani, acha mlango na dirisha wazi ili hewa ipite kutoka upande mmoja hadi mwingine, na uketi karibu na mlango. Vaa sweta upike. Ni afadhali kupika ukihisi baridi kuliko kupika ukivuta sumu.

Kinachofanya jiko likae ndani hadi usiku ni vyakula vya kuchemshwa muda mrefu, hasa maharagwe na githeri. Hapa kuna njia ya kuokoa makaa na afya pamoja. Loweka maharagwe usiku kucha, au angalau saa tano. Mwaga maji hayo, tia mengine. Maharagwe yaliyolowekwa huiva upesi kuliko makavu. Funika sufuria wakati wote.

Kisha tumia kikapu cha joto, ambacho akina mama wengi wa vikundi vya maendeleo wamefunzwa kukitengeneza. Chukua kikapu kikubwa au katoni, ukitandike ndani kwa blanketi kuukuu, matambara au sufu, pande zote na chini, ukiacha nafasi ya sufuria. Shona mto wa matambara wa kufunikia juu. Chemsha maharagwe kwa nguvu kwa muda wa dakika 30 hadi 45, kisha itie sufuria kikapuni ikiwa na mfuniko wake na ikitokota, uifunike kwa mto na uiache kwa saa kadhaa bila kuchungulia. Chakula kitaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe, bila makaa na bila sumu. Mahindi makavu yanahitaji kuchemshwa zaidi kabla ya kuingia kikapuni. Wali huhitaji dakika chache tu motoni.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili inayoharibiwa kwa kuchemka kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi, hivyo usiyatie kikapuni kabla ya kuyachemsha. Pili, chakula kilichokaa kikapuni hadi kikawa vuguvugu kichemshwe tena kabla ya kuliwa, kwa kuwa vijidudu hupenda uvuguvugu.

Ukichemsha mchana au mapema jioni, usiku mnahitaji moto mdogo tu wa ugali na chai. Chai ikiiva itie kwenye thermos, na maji ya moto kwenye thermos nyingine. Hapo jiko limemaliza kazi, na bado ni saa mbili unusu.

MAKAA YALIYOBAKI

Tumesema kwamba watu hawatoi jiko kwa sababu ya makaa na kwa sababu ya wezi. Dawa ya yote mawili ni debe la bati lenye mfuniko unaobana. Ukimaliza kupika, yachote makaa kwa koleo uyatie debeni ukiwa nje, ufunike, na uliache debe nje mbali na vitu vya kushika moto. Yakikosa hewa yatazimika yenyewe, na kesho yatawaka tena. Jiko tupu, lisilo na kaa hata moja, sasa unaweza kuliingiza ndani. Usilimwagie maji likiwa na moto, maana udongo wake utapasuka. Debe nalo lisiingizwe ndani hadi lipoe kabisa, kwa kuwa lililo vuguvugu bado lina moto ndani.

JOTO LA KITANDANI

Jiko likishatoka, mtapataje joto? Anzeni chini. Baridi nyingi hutoka sakafuni na kwenye godoro jembamba, kwa hiyo blanketi moja likitandikwa chini yenu hufaa sana. Nguo mbili tatu nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine huhifadhi joto vizuri zaidi ya moja nzito. Vaeni soksi kavu na kofia ya sufu. Badilisheni nguo zilizolowa mara tu mnapofika nyumbani.

Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa taulo hupasha kitanda joto kabla ya kulala. Iondoeni kwa mtoto mchanga, mzee asiyehisi vizuri na mgonjwa wa kisukari, wasije wakaungua bila kujua. Bakuli la uji au kikombe cha chai ya tangawizi hutia mwili joto. Pombe hudanganya: hupanua mishipa ya ngozi, mtu akajihisi ana joto, kumbe joto la ndani ndilo linalotoka.

Na mume na mke wana bahati ambayo mseja hana. Miili miwili chini ya blanketi moja hupashana joto usiku kucha bila kutumia hata kaa moja.

SWALI LA KILA USIKU

Katika nyumba nyingi kuna swali linaloulizwa kabla ya taa kuzimwa: "Umefunga mlango?" Ongezeni la pili, tena lije kabla ya hilo: "Jiko liko wapi?" Lisiwe jukumu la mke peke yake kwa sababu ndiye aliyepika. Yeyote anayelala mwisho ndiye anayeuliza, na jibu ni moja tu: "Liko nje," au "Limemwagwa makaa." Mume akisema "liache kidogo," mke asikubali kwa heshima, na mke akisema makaa yataharibika, mume anyanyuke ayatie debeni. Wafunzeni na watoto swali hilo, na mwulizeni msichana au kijana anayewasaidia kazi, kwa maana chumba chake mara nyingi ndicho kidogo zaidi na chenye baridi zaidi.

Usiku wa leo, kabla hujafunga komeo, uliza swali hilo. Likiwa bado limo ndani na lina moto, amka ulitoe. Baridi ya usiku mmoja inavumilika, na kesho asubuhi mtaamka pamoja, mnywe chai.